Shavu la Mama Pasi

Mama Pasi hakuliamini jua, hakuiamini saa, na mkono ndio kabisa. Akitaka kujua kama shati limekauka, alilikunja mara mbili, akaliweka shavuni, hapa chini ya sikio, akafumba macho kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Kisha alitoa hukumu. "Bichi." Au, "Limekauka." Rufaa haikuwepo. Ungeweza kulishika wewe mwenyewe ukaliona kavu kama jani la kiangazi, yeye akasema bichi. Na ukibisha ukaliacha kitini, kesho yake unakuta kwapani limeanza kunuka.

"Mkono una sugu," alikuwa akisema. "Umefanya kazi mpaka umepumbaa. Shavu halijawahi kufanya kazi yoyote, ndiyo maana bado lina akili."

Nilikaa uani kwake miaka kumi na tisa, kwenye kile chumba chenye mlango wa bluu, nikishona viatu. Muda wote huo hakuniita kwa jina wala kwa kazi yangu. Aliniita Mpangaji. "Mpangaji, umekula?" "Mpangaji, acha hicho kiatu, njoo unishikie shuka." Na mashuka niliyashika, jamani. Yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, tunakamua kila mtu akizungusha upande wake mpaka shuka linakuwa gumu kama kamba ya kuvutia gari. Nikilegeza kidogo tu, lilinirudi tumboni. Yeye alicheka mpaka machozi.

Alikuwa dobi. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na beseni moja la bati na pasi ya mkaa yenye kijogoo cha shaba kwenye komeo lake. Umeme ulipofika mtaani mumewe alimnunulia pasi ya umeme. Aliitumia wiki moja, akaifuta vumbi, akairudisha kwenye boksi. "Ina joto la haraka haraka," alisema, "kama mgeni asiyetaka kukaa." Akarudi kwenye kijogoo chake.

Mumewe tulimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha jiografia mpaka alipostaafu. Na kabla hajawa mume alikuwa mteja. Alileta shati moja Jumatatu, moja Jumanne, moja Jumatano, wakati wenzake walileta furushi la wiki mara moja. Mama mzazi wa Mama Pasi alimtazama wiki tatu, akamwambia binti yake: "Huyu kijana ama hana nguo ama hana haya." Ikaonekana nguo anazo.

Kitu kimoja Mama Pasi alijivunia kuliko vyote: hakuwahi kupoteza nguo ya mtu. "Nguo ya mtu ni amana," alisema, "sijapoteza hata kifungo." Ila wateja ndio waliopoteza nguo zao wenyewe. Mtu alileta suruali, akahama mji. Mwingine alileta koti, akaugua, akapona, akasahau. Hizo zote Mama Pasi alizipiga pasi, akazikunja, akabandika kikaratasi chenye jina, akaziweka kwenye kabati kubwa la mbao chumbani kwao. Kabati lilisimama limeegemea ukuta wa nje, limejaa mpaka milango ikafungwa kwa kamba. Tangu lilipoingia humo ndani halikuwahi kusogezwa hata inchi moja. Nani angelisogeza? Lilikuwa na uzito wa mji mzima.

Sasa, wakati wa jua nguo zilianikwa uani, na maisha yalikuwa mepesi. Mvua zikianza, kamba zilihamia ndani. Saba sebuleni, tatu chumbani, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mgeni yeyote aliyeingia nyumba ile wakati wa mvua aliingia ameinama, hata mwenye kiburi namna gani, maana mashuka hayamjui mkubwa. Ungekaa ukinywa chai huku mkono wa shati la mtu usiyemjua unakugusa begani. Nilipapenda pale. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche na mkaa, naisikia na ile mvua juu ya bati, na sauti ya Mwalimu akisoma gazeti kwa sauti ili mkewe asikie habari akiwa anapiga pasi.

Na chini ya sauti ya Mwalimu, mluzi. Kifua chake kilipiga mluzi. Wakati wa jua kilinyamaza. Mvua ikianza nacho kinaanza, mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa na dawa yake ya kuvuta mfukoni, na mvua zikikolea aliivuta mara nyingi kuliko alivyoambiwa. Mama Pasi aliuzoea mluzi ule hata akawa anapiga pasi kwa mdundo wake. Alijua kwa mluzi kama mumewe amelala, kama anasoma, kama amekasirika.

Aliamini kwamba baridi ndiyo adui. Kwa hiyo, kwa mapenzi kabisa, alimfungia mume wake nyumba. Yale matundu ya hewa juu ya madirisha aliyaziba moja moja kwa magazeti yaliyokunjwa. Madirisha yalifungwa kuanzia wingu la kwanza. Na ukutani, juu ya kabati, palipoanza kutokea weusi, alimwita fundi wa rangi, pakapakwa rangi ya mafuta, ya kijani, inayong'aa. Mwaka haukuisha. Rangi ikavimba kama mkate, weusi ukachungulia tena.

Mwalimu, badala ya kukasirika, akaugeuza kuwa somo. "Tazameni," alisema akielekeza fimbo yake. "Hili ni bara. Hizi ni ghuba mbili. Mwezi uliopita hapa palikuwa na kisiwa. Leo kimeungana na bara." Wageni walicheka. Mama Pasi alicheka pia, lakini akienda kupika nilimsikia akinung'unika, "Bara, bara! Mtu anakohoa anataja mabara."

Mwaka ninaousimulia mluzi haukungoja mvua. Ulianza kukiwa bado kuna jua, na asubuhi moja Mwalimu alishindwa kumaliza ngazi tatu za kutoka uani kuingia jikoni. Alikaa ya pili, akasema anaangalia mandhari.

Wakaenda zahanati. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, sasa mama mzima mwenye miwani.

"Mwalimu, kifua hiki kinabana zaidi ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na ukisafiri?"

Mwalimu akafikiri. "Nikisafiri nakuwa na mambo mengi, sina nafasi ya kukohoa."

"Nyumbani kuna weusi ukutani? Ukungu?"

"Upo! Kuna bara zima na visiwa vyake."

Mama Pasi akaruka. "Nyumba yangu safi! Muulize mtu yeyote. Mimi nafua nguo za nusu ya mji huu!"

"Mama, sijasema uchafu," yule muuguzi akamjibu kwa upole. "Nimesema unyevu. Wapo watu ambao vifua vyao vinaukataa ukungu kama mwingine anavyokataa samaki. Mimi na wewe tungelala chumba hicho tukakoroma. Mwenzetu hawezi. Dawa nitampa, na aitumie kama nitakavyomwelekeza, lakini dawa peke yake haitashinda kama anarudi kuvuta kilekile. Akae kwingine wiki mbili. Tuone."

Kwingine kulikuwa kwa dada mkubwa wa Mwalimu, kule kilimani, nyumba yenye madirisha makubwa na upepo usiochoka. Na hapo ndipo Mama Pasi alipopata shida mbili kwa mpigo, maana wifi yake huyo alikuwa na ulimi. Walipendana, lakini walipendana kwa makombora.

"Karibu kaka yangu," dada mtu alisema siku wanafika, akipokea begi. "Wifi, wewe umewafulia watu wote wa mji huu. Huyu mmoja ndiye umemwacha aote ukungu?"

"Mpokee tu wifi, na umlishe vizuri. Usimpe ule wali wako wa kokoto."

Siku ya nne mluzi ulikoma. Siku ya kumi Mwalimu alipanda kilima na kushuka, akakuta bado ana pumzi ya kubishana. Mama Pasi alipokuja kumwona, wifi yake alimngoja mlangoni, na safari hii hakuwa na utani.

"Wifi, nakuambia mapema. Mvua kubwa zimebaki wiki saba. Zikianza na nyumba yako haijapona, huyu habanduki hapa tena. Nitamletea kitanda chake na vitabu vyake. Sitaki kumzika mdogo wangu kwa sababu ya ukuta."

"Na mimi?"

"Wewe njoo. Nani kakukataza?"

Lakini wote watatu walijua. Kule kilimani maji yalipandishwa kwa madumu, ya kunywa na kupikia. Dobi angefanya kazi gani huko, apige pasi mawe? Na Mama Pasi bila beseni alikuwa nani? Alirudi nyumbani siku hiyo akaniambia, "Mpangaji, wanataka kunigawia mume kwa likizo, kama mwanafunzi wa bweni."

Bado hakuamini kwamba ni nyumba. Alisema ni upepo wa kule, ni kutotembea, ni ule wali wa kokoto umesafisha kifua. Jumapili iliyofuata alichagua mashati matatu ya Mwalimu kutoka chumbani, akayafua upya, akayatia wanga, akayapiga pasi mpaka kola zingeweza kusimama peke yake. Akayalaza usiku mmoja ndani ya kabati ili mikunjo itulie, kama kawaida yake, akayafunga kwenye kitambaa cheupe, akapanda kilima.

Mwalimu alifurahi kama mtoto. "Huyu dada yangu anafua vizuri lakini pasi yake inatembea kama mlevi," alisema, akabadilisha shati palepale. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Wakakaa. Wakanywa chai. Haikufika nusu saa, ukasikika. Mwembamba. Kama birika.

Mwalimu alikohoa kuuficha. "Ni furaha tu," alisema. "Kifua kimefurahi."

Dada yake aliinuka, akamsaidia kulivua lile shati, akalipeleka kwenye kamba ya nje, akarudi, akaketi. Hakusema hata neno moja. Mama Pasi aliniambia baadaye kwamba angetukanwa angeshukuru.

Alirudi kwa miguu njia nzima. Nilikuwa kwenye benchi langu nikigonga kisigino aliponipita bila salamu, jambo ambalo halijapata kutokea. Halafu nikasikia, "Mpangaji. Njoo."

Nilimkuta chumbani, amesimama kwenye upenyo mdogo pembeni mwa kabati, ameinamisha kichwa, macho ameyafumba. Shavu lake lilikuwa ukutani.

Niliogopa nikadhani amezidiwa. Nikangoja. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na shati lolote. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemtaja mgonjwa:

"Mbichi. Ukuta wangu mbichi."

Kila siku aligusa shavuni nguo mia, na ukuta wa chumbani kwake hakuwahi kuuuliza.

Tukaanza kulitoa kabati. Ilibidi kwanza tutoe amana zote, na hapo ndipo alipokaa chini. Nguo za juu zilikuwa nzuri. Za katikati zilikuwa na harufu. Za nyuma kabisa, zilizogusana na mbao za mgongo wa kabati, zilikuwa na kawa, yale madoa madogo meusi ambayo dobi anayachukia kuliko deni. Mbao zenyewe zilikuwa zimevimba. Alichukua koti moja jeupe, akaligeuza huku na huku, akaanza kulia. Akalia juu ya lile koti, kisha akajikamata. "Mume hawezi kupumua," alisema akijipangusa kwa mkono, "mimi nalilia koti la kinyozi. Sukuma, Mpangaji."

Tukasukuma. Nyuma ya kabati, jamani, ramani ya Mwalimu ilikuwa pwani tu. Bara lenyewe lilikuwa huku, kutoka sakafuni hadi kifuani pangu, jeusi, na penye kona limeota manyoya ya kijivu. Harufu yake ilikuwa ile ya chini ya jiwe kubwa linapoinuliwa.

Kesho yake akaja fundi mwashi, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni. Alimkataza Mama Pasi kupangusa ukavukavu kwa fagio. "Ukiufagia ukungu hivyo utaurusha nyumba nzima. Loanisha kwanza. Na funikeni pua." Alikwangua rangi ya mafuta, ilibanduka vipande vipana kama ngozi, na nyuma yake plasta ilikuwa unga. Akaitoa mpaka akafikia palipo pagumu. Kisha akatoka nje, akauzunguka ukuta, akachuchumaa palipostawi maua. Maua yale yalikuwa sifa ya mtaa. Hakuna aliyekuwa nayo kama yale.

"Nani anamwaga maji hapa?"

Wote wawili tuliangalia beseni.

Mama Pasi alikuwa na namna yake ya kumwaga maji ya kufulia. Alisimama mlango wa uani, akalipeleka beseni kwa nyonga, akayarusha, fyuu, bila kuangalia, na maji yote yakatua kwenye maua. Niliyaona mara elfu nikayaona ni mazuri.

"Miaka mingapi?" fundi akauliza.

"Thelathini na kitu."

Fundi akavua kofia, akajikuna. "Mama, ukuta huu umeufua. Tatizo hujaukamua."

Nilimwangalia Mama Pasi nikitegemea vita. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha kicheko kikamwishia ghafla, akasema, "Nimeunywesha mimi. Kumbe ni mimi."

Kazi ilichukua wiki tano. Maua yaling'olewa, udongo ukashushwa chini ya sakafu ya nyumba, ukachimbwa mfereji wa saruji wa kupeleka maji mbali kule nyuma ya choo. Ndani, tulisugua kwa brashi na maji ya sabuni, vitambaa usoni kama wezi, na vile vitambaa tukavichoma. Ukuta ukaachwa uchi ukauke, madirisha wazi kutwa. Matundu ya hewa yakafunguliwa, yakawekewa wavu wa mbu, na magazeti yaliyotoka humo Mama Pasi akampelekea Mwalimu kilimani kama ushahidi, yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu aliyasoma kupitia nailoni, akapiga kelele: "Hili gazeti la kupatwa kwa jua! Nimelitafuta miaka sita! Nilimshuku Mpangaji!"

Na uani, baina ya nyumba na chumba changu, tulisimamisha banda la bati lisilo na kuta, la kuanikia wakati wa mvua. Benchi langu likahamishwa. Nililalamika siku mbili, nikaambiwa kodi haijumuishi upepo.

Zikabaki amana. Mama Pasi alizichemsha, akazianika kwenye jua kali, akazigusa shavuni moja moja. Kisha akasema hazirudi ndani. Kama mwenyewe haji, basi zitamfuata. Kwa siku nane tulizunguka mji, yeye mbele na vikaratasi vyake, mimi nyuma na furushi.

Kuna bwana mmoja wa duka la vyuma alipewa suruali aliyoileta kabla ya kuoa. Aliitandaza mbele ya tumbo lake, akaangalia chini, hakuiona. "Mama Pasi, umenipunguzia suruali!"

"Suruali iko vilevile. Wewe ndiye hukuwekwa kabatini."

Kuna mama tulimpelekea shati la marehemu mumewe. Alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akasema, "Linanuka sabuni tu." Kisha akasema, "Si kitu," akatukaribisha ndani, na hatukuondoka mpaka jioni.

Lile koti jeupe halikupona. Alilichemsha mara tatu, kawa ikabaki. Kwa kinyozi alikwenda peke yake, akaniambia nimngoje barabarani. Nilimwona amesimama mbele ya kiti cha kunyolea, ameshika koti mbele yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo. Kwa mara ya kwanza maishani alimwambia mteja, "Nimekuharibia." Yule mzee akalitazama, akajipapasa upara. "Mama, hilo koti nililisahau tangu nina nywele. Leta nifutie vioo." Mama Pasi alitoka mwepesi. Njiani alinunua ndizi tukala tukitembea, jambo ambalo siku zote alisema ni tabia mbaya.

Kila asubuhi alipoamka aliweka shavu ukutani. "Mbichi." Wiki ya tatu, "mbichi." Wiki ya tano fundi alitaka kupaka chokaa. "Bado," Mama Pasi akamwambia, "chini hapa bado panalia." Fundi akagusa kwa mkono, akasema pamekauka. Mkono! Alifukuzwa hadi Jumatatu. Jumatatu shavu lilikubali, chokaa ikapakwa, na kabati likarudi, tupu, likasimama kiganja kizima mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma yake.

Mvua zikatangulia kwa siku sita. Zilianguka Jumanne, bila hodi. Jumatano asubuhi tukapata habari kwamba kule kilimani fundi seremala ameitwa kupima kitanda.

Mama Pasi alichukua mwavuli, akapanda kilima kwenye mvua. Sikuwepo, lakini niliyasikia kwa Mwalimu mara nyingi kiasi kwamba nayaona. Alifika ameloa magoti, akasimama barazani.

"Nimekuja kumchukua."

"Ukuta?" wifi yake akauliza.

"Umekauka."

"Umekauka kwa nani?"

Mama Pasi akajigusa shavu.

Dada mtu alimtazama. Shavu lile alilijua kama sisi wote. "Siku tatu," akasema. "Ijumaa jioni nakuja mwenyewe. Nikisikia mluzi hata mmoja, napanda naye na kitanda kinatengenezwa. Na dawa yake asiache."

Jumatano usiku na Alhamisi mvua haikukatika. Nguo zote zilikuwa chini ya banda, zikipeperushwa, zikichelewa kukauka na Mama Pasi akizitukana kwa upendo. Ndani hakukuwa na kamba hata moja. Sebule ilionekana kubwa, kama imenyolewa. Mimi niligonga viatu nikitega sikio. Sote tulitega.

Ijumaa kuelekea jioni Mama Pasi alikuwa barazani, upande wa banda, akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mwalimu alikuwa chumbani amejilaza. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikanyamaza. Nilimwona Mama Pasi akiinua kichwa. Pasi ikasimama hewani. Alisikiliza, akasogea hatua moja, akasikiliza tena. Akaiweka pasi, tena akaiweka vibaya, kitu asichofanya, ikaunguza pembe ya shuka, akakimbia ndani na miaka yake yote. Nikamfuata.

Mwalimu alikuwa ameketi dirishani, dirisha wazi, anasoma lile gazeti lake la kupatwa kwa jua.

"Mbona umenyamaza!" mkewe akamfokea akitweta. "Mbona sikusikii?"

"Nasoma."

"Siku zote unasoma! Siku zote nakusikia!"

Mwalimu akafungua mdomo kujibu, akafunga. Naona ndipo na yeye alipogundua. Akavuta pumzi, ndefu, akaiachia, sote watatu tukiisikiliza, na haikuwa na kitu ndani yake ila hewa.

Mama Pasi akamzunguka, akainama, akaliweka shavu lake mgongoni kwa mumewe, juu ya shati, chini ya bega. Akafumba macho. Mwalimu akatulia kama nguo. Nilipaswa kutoka lakini sikutoka.

"Vipi?" Mwalimu akauliza.

"Nyamaza, nasikiliza."

Alikuwa bado hajainua shavu wifi yake alipopiga hodi uani, na mwavuli na begi tupu mkononi, akiuliza kwa sauti yake ile ni nani anayeunguza mashuka humu ndani.